Ukitumiwa Picha Chafu Usiyoiomba: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia kwa Sheria ya Jimbo la California

Bahasha moja ilifika kwa posta kwenye mgahawa wa Newport Beach, California, na meneja akaifungua akiwa pamoja na mama yake mzazi. Ndani yake mlikuwa na vipeperushi vitano vya kutangaza vitabu na filamu ya ngono, vyenye picha za wazi kabisa, ambavyo wao hawakuwa wameviagiza. Walilalamika polisi, aliyetuma akashtakiwa, na shauri hilo likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1973 ilitoa hukumu ya Miller dhidi ya California na kuweka kipimo cha uchafu kinachotumika Marekani mpaka sasa. Hata hivyo, kesi ile ilikuwa ya jinai. Aliyeshtaki alikuwa serikali ya jimbo, na meneja pamoja na mama yake, ambao ndio waliofungua bahasha na kuyaona waliyoyaona, walibaki mashahidi tu.

Karibu miaka 50 ilipita kabla ya jimbo hilohilo kumpa mpokeaji mwenyewe haki ya kwenda mahakamani kwa jina lake. Tangu tarehe 1 Januari 2023, kifungu cha 1708.88 cha Sheria ya Madai ya California kinamwezesha mtu aliyetumiwa picha chafu kwa njia ya kielektroniki, bila kuiomba, kumdai fidia mtumaji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi California, au mwenye ndugu huko, ambaye ameamka asubuhi akakuta kwenye simu yake kitu ambacho hakukitaka, na hajui aanzie wapi. Haki hii ipo, lakini mara nyingi hupotea katika siku chache za mwanzo kwa sababu ya mambo madogo ambayo mtu angeweza kuyafanya mwenyewe, bila wakili na bila gharama.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya kesi uliyo nayo

Kesi ya madai si kesi ya jinai. Hapa polisi hawamkamati mtu na hakuna kifungo. Wewe ni mdai, mtumaji ni mdaiwa, na unachokiomba ni fedha pamoja na amri ya kumzuia asirudie. Kwa sababu hiyo, mzigo wa kuthibitisha ni mwepesi zaidi. Hutakiwi kuthibitisha pasipo kuacha shaka, bali kwa mizania ya uwezekano, yaani hakimu aone kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako.

Hakikisha pia kwamba upo katika jimbo linalotoa haki hiyo, kwa sababu majimbo yanatofautiana sana. Virginia ina sheria inayofanana na hii tangu tarehe 1 Julai 2022, nayo inampa mpokeaji fidia ya hasara halisi au dola 500, kiasi kitakachokuwa kikubwa zaidi, pamoja na gharama za wakili. Texas ilichagua njia nyingine: tangu tarehe 1 Septemba 2019, kutuma picha ya namna hiyo bila idhini ni kosa dogo la jinai ambalo faini yake haizidi dola 500, na faini hiyo huenda serikalini, haiji kwa aliyetumiwa. Ndugu aliye Houston asifuate hatua hizi akidhani ni zake.

Hatua ya pili: pima jambo lako kwa maneno ya sheria yenyewe

Kifungu cha California kinadai mambo kadhaa yatimie kwa pamoja. Mtumaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Awe ametuma picha, ya mnato au ya video, kwa njia ya kielektroniki, na awe ametuma kwa kujua. Awe anajua, au alipaswa kujua, kwamba picha hiyo haikuombwa. Na sheria inasema picha haikuombwa iwapo mpokeaji hakuridhia kuipokea au alikataza waziwazi isitumwe. Mwisho, picha yenyewe iwe chafu kwa maana ya kisheria.

Maneno matupu, hata yawe ya matusi kiasi gani, hayaingii katika kifungu hiki, na vivyo hivyo ujumbe wa sauti. Ukiwa unasumbuliwa mfululizo kwa maneno au simu, njia yako ni kuiomba mahakama amri ya zuio dhidi ya usumbufu kwa Fomu CH-100.

Kuhusu uchafu, sheria imechukua kipimo cha mwaka 1973. Mahakama hujiuliza mambo matatu: je, mtu wa kawaida, akitumia viwango vya sasa vya jimbo zima, ataiona picha hiyo, ikitazamwa kwa ujumla wake, kuwa inaamsha tamaa ya ngono isiyo ya staha, je, inaonyesha tendo la ngono au sehemu za siri kwa namna inayochukiza waziwazi, na je, haina thamani ya maana ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Mchoro wa jumba la makumbusho hauwezi kuhesabiwa kuwa mchafu kwa kipimo hiki, wala picha ya mafunzo ya ukunga. Picha ya uume ambayo mwanamume asiyekufahamu amejipiga chooni na kukutumia saa sita za usiku ina nafasi kubwa ya kuhesabiwa hivyo. Kwa maoni yangu Virginia ilifanya vyema zaidi ilipotumia neno picha ya faragha badala ya uchafu, kwa sababu mpokeaji wa kule habebeshwi mjadala wa viwango vya jamii na sanaa; wa California anabebeshwa, kwa hiyo ajiandae nao.

Hatua ya tatu: fungua mipangilio ya programu leo hii

Hapa ndipo watu wengi wanaweza kuangukia, na ninaomba hatua hii isirukwe. Sheria imeweka msamaha: iwapo huduma ambayo picha imetumwa kupitia kwayo inampa mtumiaji nafasi ya kukataa picha za ngono, na mpokeaji hakuitumia nafasi hiyo waziwazi, basi kifungu hakifanyi kazi. Kwa maneno mengine, kitufe kidogo ambacho hukukigusa wakati unafungua akaunti kinaweza kukunyima haki yote.

Mimi naona msamaha huu haumtendei haki mpokeaji, kwa kuwa unamtaka mtu ajilinde mapema dhidi ya kosa la mwingine, lakini ndivyo ulivyoandikwa. Basi chukua simu yako, ingia kwenye kila programu ya ujumbe au ya kutafuta wachumba unayoitumia, nenda kwenye mipangilio, na utafute sehemu ya faragha, usalama au maudhui nyeti. Ukikuta chaguo la kukataa au kuzuia picha za utupu, liwashe, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha kwamba limewashwa pamoja na tarehe. Picha hiyo ihifadhi. Ukija kuulizwa mahakamani kama ulikataa, jibu lako litakuwa karatasi unayomkabidhi hakimu. Kama programu haina chaguo kama hilo, piga picha za kurasa za mipangilio zinazoonyesha kwamba halipo, maana programu hubadilika, na chaguo linaloongezwa mwezi ujao lisije likakuhesabia kosa la mwezi huu.

Hatua ya nne: hifadhi ushahidi kabla hasira haijaufuta

Mkono wa kwanza wa mtu aliyechukizwa huenda kwenye kitufe cha kufuta. Uzuie. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina au namba ya mtumaji, tarehe na saa, picha yenyewe, na mazungumzo yaliyotangulia na yaliyofuata, kwa sababu mdaiwa atakachodai kwanza ni kwamba wewe ndiye uliyeomba. Mazungumzo yakiwa yamekamilika, madai hayo hujibika yenyewe. Piga pia ukurasa wa wasifu wake kabla hajaufunga. Kwa ujumbe unaojifuta baada ya kuonekana, tumia simu ya pili kupiga picha ya simu ya kwanza. Nakala zote ziweke mahali pawili, na usikate pembe wala kupaka rangi juu ya kitu chochote katika nakala ya asili.

Upo upande mmoja ambao kanuni hii inageuka kabisa. Iwapo aliyeonekana katika picha ni mtoto wa chini ya miaka 18, usipige picha ya skrini, usimtumie mtu yeyote, hata wakili. Kuwa na picha ya namna hiyo ni kosa kubwa la jinai kwa sheria ya shirikisho. Toa taarifa polisi au kwa kituo cha taifa cha watoto waliopotea na walionyanyaswa, NCMEC, namba 1-800-843-5678, na ufuate watakachokuelekeza. Na iwapo aliyetumiwa ni mtoto wako, anzia polisi. Mtu mzima anayemtumia mtoto vitu hivyo kwa nia ya ngono anakabiliwa na sheria ya jinai ya California.

Jambo la pili la kujihadhari ni kulipiza. Ni rahisi kuitupa picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya ili mtumaji aaibike, na wapo watakaokupongeza. Lakini California ina kifungu kingine, cha 1708.85, kinachomruhusu mtu ambaye picha yake ya faragha imesambazwa bila ridhaa yake kumdai aliyeisambaza. Ukifanya hivyo unaweza kuingia mahakamani ukiwa mdai na ukatoka ukiwa mdaiwa.

Hatua ya tano: mwandikie, mara moja tu

Baada ya kuhifadhi ushahidi, mwandikie mtumaji ujumbe mfupi kupitia njia ileile aliyoitumia. Usitukane wala kutishia. Unaweza kuandika hivi: “Tarehe 4 Machi ulinitumia picha ya sehemu zako za siri. Sikuiomba na siitaki. Nakukataza kunitumia picha nyingine ya aina hiyo.” Sheria inaihesabu picha iliyotumwa baada ya katazo la wazi kuwa haikuombwa, kwa hiyo akirudia, hana pa kukimbilia. Kisha mzuie. Kama kumwandikia kunahatarisha usalama wako, kwa mfano akiwa ni mume mliyeachana mwenye historia ya kukupiga, acha hatua hii na uende moja kwa moja kwenye amri ya zuio, ambayo kwa mume mliyeachana ni ile ya ukatili wa nyumbani, si ya Fomu CH-100.

Hatua ya sita: mjue ni nani

Mtumaji akiwa ni mfanyakazi mwenzako au jirani, hatua hii imekwisha. Akiwa ni jina la bandia mtandaoni, kuna kazi. Kampuni ya mtandao wenyewe huwezi kuidai: sheria imeisamehe inapokuwa imesafirisha tu ujumbe wa mwingine, na sheria ya shirikisho inayojulikana kama kifungu cha 230, ya mwaka 1996, inailinda pia. Aliyesamehewa mwingine ni mtoa huduma za afya anayetuma picha kwa sababu halali za kitabibu.

Ingawa kampuni haidaiwi, inaweza kuamriwa kutoa taarifa za mwenye akaunti. California inaruhusu shauri kufunguliwa dhidi ya mdaiwa asiyejulikana jina, kwa jina la kubuni la Doe, kisha wito wa mahakama unapelekwa kwa kampuni. Mwenye akaunti akipinga kutajwa, mahakama za jimbo, kwa kufuata hukumu ya Krinsky dhidi ya Doe 6 ya mwaka 2008, humtaka mdai kwanza aonyeshe ushahidi wa awali unaotosheleza dai lake. Kwa njia hii tafuta wakili. Faraja iliyopo ni kwamba sheria inamruhusu mdai aliyeshinda kurudishiwa ada za wakili na gharama.

Hatua ya saba: chagua mahakama na uhesabu siku

Sheria inakupa uchaguzi wa fidia. Unaweza kudai hasara halisi, ikiwemo maumivu ya moyo. Au fidia iliyopangwa na sheria yenyewe, isiyopungua dola 1,500 na isiyozidi dola 30,000. Unaweza pia kuomba fidia ya adhabu na amri ya kumzuia asirudie. Kile kiwango cha chini cha dola 1,500 kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Aibu haina risiti, na mtu ambaye hakulazwa wala hakukosa kazi angeambiwa hana hasara. Sheria imekataa jibu hilo.

Mtumaji akijulikana na akiwa anaishi California, mahakama ya madai madogo ndiyo njia nyepesi. Mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500. Ada ya kufungua ni dola 30 kwa dai lisilozidi dola 1,500, dola 50 kwa lisilozidi dola 5,000, na dola 75 juu ya hapo. Asiyeweza kulipa huomba msamaha wa ada kwa Fomu FW-001. Mawakili hawaruhusiwi kusimama katika usikilizwaji wa kwanza, jambo ambalo humsaidia mtu wa kawaida. Ila kumbuka: mdai akishindwa katika dai lake hana rufaa, mdaiwa anayo. Dai likizidi kiwango hicho, shauri huenda Superior Court, yaani mahakama kuu ya kaunti, kwa utaratibu wa kawaida, na hapo wakili anahitajika kwelikweli.

Kabla ya kufungua, mtake mdaiwa alipe, kwa barua, kwa sababu Fomu SC-100, ile ya kufungulia madai madogo, itakuuliza kama ulifanya hivyo. Jaza fomu hiyo, ipeleke kwa karani wa mahakama ya kaunti inayohusika, na utapewa tarehe. Wewe mwenyewe huruhusiwi kumkabidhi mdaiwa karatasi; mtafute mtu mzima asiyehusika na kesi, naye azifikishe angalau siku 15 kabla ya usikilizwaji kama mdaiwa yuko katika kaunti hiyo, au siku 20 kama yuko nje yake. Kila kaunti ina kituo cha kujisaidia ndani ya Superior Court, ambapo wafanyakazi hukuonyesha namna ya kujaza fomu bila malipo.

Usikae na jambo hili. California huweka miaka miwili kwa madai ya madhara ya mwili na akili, lakini mwaka mmoja tu kwa madai ya adhabu inayotolewa na sheria, na mdaiwa mwenye wakili atang’ang’ania kwamba kesi yako ni ya mwaka mmoja. Hesabu mwaka mmoja tangu siku ya picha, na ufungue mapema ndani yake.

Hatua ya nane: jiandae kusema, na usitumie tafsida

Mahakama za California hutoa mkalimani bila malipo katika kesi za madai. Jaza Fomu INT-300 mapema na uandike Kiswahili, na kama unazungumza Kiswahili cha Kongo, sema hivyo, kwa sababu mkalimani aliyezoea cha Tanzania anaweza kukukosa katikati ya sentensi. Usimlete mtoto wako akutafsirie. Ni kumtwisha mzigo usio wake.

Ujumbe wowote wa Kiswahili katika ushahidi wako uambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa kwa kiapo na mkalimani mwenye sifa. Hapa saa zetu zina mtego. Simu yako inaonyesha 11:12 PM. Wewe utasimama na kusema “saa tano na dakika kumi na mbili usiku”. Tafsiri ikiteleza, rekodi ya mahakama itasomeka saa tano ya Kiingereza, na mdaiwa atauliza kwa nini ushahidi wako na karatasi zako havilingani. Sema saa kama ilivyo kwenye skrini, au soma tarakimu zenyewe.

Lililo gumu zaidi ni lugha ya staha. Tumelelewa kusema “picha mbaya”, “picha isiyofaa”, “alinionyesha mambo yake”. Mbele ya wazee wetu hiyo ni adabu, lakini mahakamani inaacha pengo, kwa sababu hakimu anatakiwa kuona kwamba picha ilionyesha sehemu za siri zilizo wazi au tendo la ngono, na “picha mbaya” inaweza kuwa ya ajali ya barabarani. Fikiria dada aliye San Diego, mbele ya mkalimani mwanamume wa rika la baba yake: ulimi utakuwa mzito. Aandike maelezo yake nyumbani siku chache kabla, kwa maneno ya anatomia ambayo daktari angetumia, ayasome kwa sauti akiwa peke yake mara kadhaa, na siku ya kesi asome kutoka kwenye karatasi. Kutaja uume kwa jina lake mbele ya hakimu si utovu wa adabu. Aliyevunja adabu ni yule aliyeutuma.

Majalada ya mahakama kwa kawaida hufunguliwa kwa umma, kwa hiyo muulize karani kabla ya siku ya kesi namna ya kuwasilisha picha yenyewe ili isibaki wazi kwa kila mpitaji. Beba nakala tatu: ya hakimu, ya mdaiwa na yako. Kama ulikosa usingizi, ulikwenda kwa mshauri au ulikosa zamu kazini, leta kumbukumbu zake, hata daftari uliloandika mwenyewe siku kwa siku.

Hatua ya tisa: baada ya hukumu

Mahakama haikukusanyii fedha. Ukishinda katika mahakama ya madai madogo, mdaiwa ana siku 30 za kukata rufaa, na akikata, shauri husikilizwa upya mbele ya jaji mwingine, mawakili wakiruhusiwa. Siku hizo zikipita bila rufaa wala malipo, rudi kwa karani uombe hati ya utekelezaji, ambayo kwayo afisa wa kaunti anaweza kukata sehemu ya mshahara wa mdaiwa au kuchukua fedha zilizo katika akaunti yake ya benki. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza andika jina la mwajiri wake ukilijua, na hifadhi nakala ya hundi yoyote aliyowahi kukuandikia, kwa kuwa ina jina la benki yake na namba ya akaunti.